Hapa Pana Nani?

Mwaka jana nililipwa shilingi 3,500 kuandika maneno 120 kuhusu shamba moja la Kikambala. Kazi yenyewe ilikuja kwa WhatsApp: picha sita zilizopigwa na droni, ramani ya mpima ardhi, na maagizo mafupi kutoka kwa dalali mmoja. Ekari tatu, zikatwe ploti za hamsini kwa mia, ziuzwe kabla Desemba haijafika. Mimi kazi yangu ni kuzipamba tu. Nikaandika kwamba ardhi ni tupu, tambarare, haina matata, na iko dakika tano kutoka baharini. Dalali akajibu kwa vidole gumba vitatu, pesa zikaingia kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo, nikalipa deni la nyumba.

Neno lililokuja kunisumbua ni moja. Tupu.

Kwa sababu lile shamba nalijua. Kikambala ndiko nilikolelewa, upande wa juu wa barabara ya Malindi, na miaka yote ya shule ya msingi tulikuwa tunalipitia shamba hilo kama njia ya mkato tukienda kuogelea. Lina minazi. Lina mkorosho mmoja ulioinama sana, mtoto anaweza kuupanda kwa kutembea. Kwenye kona ya chini kuna makaburi matatu ya jamaa za mzee mmoja anayeishi hapo hapo, nyumba ya udongo na makuti. Ukiangalia kwa droni, mnazi ni nyota ya kijani na kaburi ni mchanga kama mchanga mwingine. Droni haikudanganya, ilionyesha ilichokiona. Aliyejua kilichoko chini nilikuwa mimi.

Siku ile sikuona kosa. Niliona wiki mbili baadaye, kwenye vitabu vya watu waliokufa zamani.

Nina ugonjwa wa kusoma vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Niliupata chuoni, kabla karo haijakata na mimi nikarudi nyumbani nikiwa mwaka wa pili. Chuo kimeisha, ugonjwa umebaki. Nawasoma kwa hasira, lakini pia, wacha niseme ukweli, kwa raha. Walikuwa wanatembea pale ninapotembea. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakafungua misheni Rabai. Richard Burton akapita mwaka 1857, akamtembelea Rebmann huko Rabai, na baadaye akaandika kuhusu watu wa vilima vile kwa dharau ambayo hata leo inachoma. Kabla yao wote, kati ya 1822 na 1826, Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa amepita na meli zake akipima pwani. Jina la luteni wake, Reitz, bado liko Mombasa: ndiyo hiyo Port Reitz.

Kinachonishangaza nikiwasoma ni jinsi walivyouliza maswali. Tunawafikiria kama watu waliokuja wakajiamulia kila kitu. La. Waliuliza kutwa kucha. Huu mto unaitwaje? Kutoka hapa mpaka pale ni siku ngapi? Maji yapo njiani? Mwezi wa tano mwaka 1848, Rebmann akielekea Uchagga, aliona weupe juu ya mlima. Akamuuliza aliyekuwa akimwongoza, Bwana Kheri, ule ni nini. Jibu likawa neno moja ambalo wewe na mimi tunalitumia kila Julai: baridi. Habari za theluji kwenye ikweta zilipofika London, mwanajiografia William Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alizikataa katakata. Mwaka uliofuata Krapf akapelekwa Ukambani, akauona mlima mwingine, na jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo nchi yetu nzima inaitwa leo.

Kisha kuna ramani ya mwaka 1855. Mwenzao Jakob Erhardt, pamoja na Rebmann, alikusanya maneno ya wafanyabiashara wa misafara kuhusu bara, akayachora. Likatokea ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Watu walicheka, lakini ramani hiyo ndiyo iliyoifanya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iwatume Burton na Speke kwenda kuangalia. Ikaonekana ni maziwa matatu yaliyochanganywa: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Fikiria sasa: ramani nzima ilitoka mdomoni mwa watu wetu, waliokaa chini kwenye mkeka na kueleza. Kuielezea ramani hiyo, walikuwa wajuzi wa kutosha. Wangeulizwa nani mwenye ardhi hiyo? Hapo sijaona swali.

Hapo ndipo nilipojiona. Nilipokuwa naandika lile tangazo, hata mimi niliuliza maswali. Nilimuuliza dalali ukubwa ni ngapi, maji ya bomba yamefika, stima je, kutoka barabarani ni mita ngapi. Maswali mazuri ya kazi. Swali moja tu sikuuliza, na si kwa kusahau. Sikuuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Kuna maswali mawili unayoweza kuuliza ukifika mahali. La kwanza: hapa panaitwaje? La pili: hapa pana nani? La kwanza linakupa ramani. La pili linakupa jirani, na jirani ni mzigo, maana ukishajua yupo huwezi kuandika kama hayupo. Nadhani ndiyo maana wasafiri wengi waliishia kwenye la kwanza.

Mtu atasema: kijana, unawaonea. Krapf hakuja kupima ploti, alikuja na Biblia na kamusi. Ni kweli. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na sijui ni Mswahili gani mpenda lugha anayeweza kuidharau. Na mpaka uliotukata pwani hii ulikuja yeye akiwa tayari kaburini. Kwa hiyo ana hatia gani?

Hebu tuutazame mpaka wenyewe kwanza.

Mwaka 1886 tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilizunguka pwani kutafuta jibu la swali moja: Sultani Barghash wa Zanzibar anamiliki mpaka wapi? Mjumbe wa Uingereza alikuwa Herbert Kitchener, yule ambaye baadaye alikuja kuonekana na masharubu yake kwenye mabango ya vita. Mwishowe Uingereza na Ujerumani zikakubaliana namba: maili 10 za baharini, kama kilomita 18 na nusu, zikipimwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa, kuanzia upande wa Mto Ruvuma mpaka Kipini. Barghash akakubali Desemba ya mwaka huo. Makubaliano yale yale yakavuta mstari mwingine kutoka Vanga, ukazunguka Kilimanjaro kaskazini, ukanyooka mpaka Ziwa Victoria. Ule mlima wa Bwana Kheri, wa baridi, sasa ukawa wa Wajerumani.

Chukua simu yako. Weka kidole ufukweni Kikambala, upime kilomita 18 na nusu kwenda magharibi. Utatua karibu na Kaloleni. Yaani mwaka ule mtu wa Kaloleni akishuka pwani kutafuta chumvi au kumwona dada yake aliyeolewa huku, alivuka mpaka wa dola bila hata kujikwaa. Hakuna mto pale, wala ukuta, wala kilima cha kusema huu ndio mwisho. Ni namba tu, tena namba ya mviringo, kumi, ambayo mtu huichagua akiwa amechoka kubishana.

Lakini namba ina miguu. Mwaka 1895 Waingereza wakaukodi ukanda huu kwa Sultani kwa paundi 17,000 kwa mwaka, riba ya deni ikiwa ndani. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki kwa ardhi za pwani: mwenye madai ayapeleke kwa afisa, yasajiliwe. Aliyekuwa na karatasi, au wakili, au aliyeijua njia ya ofisi, alitoka na cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa namna ile ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Na Mijikenda waliokuwa wanalima ndani ya ukanda? Hao walihesabiwa kuwa kwao ni kule nyuma, nyikani. Huku ni wageni. Ndivyo mtu anavyoweza kulala kwake na kuamka skwota bila kuhama hata hatua moja.

Nyikani. Neno hilo lina historia ambayo inaniumiza zaidi ya namba kumi, kwa sababu Wazungu hawakulibuni. Walilikuta mdomoni mwa watu wa miji ya pwani, waliowaita wenzao wa vilimani Wanyika, watu wa porini. Krapf akaliandika, Burton akaliandika, wachoraji ramani wakaliandika, mpaka dharau ya sokoni ikawa jina la kijiografia. Na ukishamwita mtu wa porini, kumrudisha porini kunaonekana haki. Jina Mijikenda lilianza kushika miaka ya 1940, kwa watu kujiita wenyewe. Basi tusijifanye kwamba dhambi ya kutouliza ilikuja na meli. Ilikuwa na wenyeji wake hapa.

Mwaka 1914 ilikuwa zamu ya Mto Sabaki kugeuzwa mpaka. Wagiriama waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini waliamriwa wahamie kusini. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshakamatwa mwaka uliotangulia na kupelekwa Kisii kwa kuwaapisha watu wakatae amri za serikali. Nyumba zikachomwa, na Agosti ile Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Mwishowe serikali ilikuja kuona kwamba mpango wenyewe haukuwa na maana. Lakini kaya ilishalipuliwa.

Sasa nirudi kwa Krapf na hatia yake. Kuna jambo katika maisha yake ambalo siwezi kulipita. Miezi michache baada ya kufika Mombasa, homa ilimuua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Aliwazika upande wa bara, na kaburi la Rosine liko hadi leo upande wa Nyali. Katikati ya msiba ule, Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa wana kaburi kwenye pwani hii, na kaburi hilo ni ishara kwamba kazi yao hapa imeanza. Nimefikiria barua hiyo mara nyingi. Krapf alijua, kwa uchungu kabisa, kwamba kaburi linafunga watu na mahali, na kwamba ukishazika huwezi kuambiwa unapita tu. Alijua vile hawe wangu alivyojua.

Hawe ndiye aliyenieleza kuhusu vigango nikiwa mdogo. Mzee wa Gohu akifa, baadaye huchongewa gogo na kusimikwa, na likishasimikwa haling'olewi. Watu wakihama, kigango kinabaki. Ukisikia hivyo unaelewa kwa nini wizi wake ni jambo zito: vimeng'olewa kwa mamia, vikauzwa nje kama mapambo, na ni juzi tu, mwaka 2014, makumbusho moja ya Denver kule Marekani ilikubali kurudisha 30.

Nafikiria kigango na bikoni, ile ya mpima ardhi. Vyote viwili husimikwa ardhini. Vyote viwili ni kosa kuving'oa. Kimoja kinasema nani yuko hapa, kingine kinasema ploti namba ngapi. Na ni kimoja tu kinachoonekana kwenye ramani.

Kwa hiyo, hatia. Mimi nadhani hatuwezi kumpima mwandishi kwa nia yake, kwa sababu kila mtu ana nia nzuri akiulizwa. Krapf alikuwa na yake, mimi nilikuwa na deni la nyumba. Tumpime kwa msomaji wake. Unamwandikia nani, na huyo mtu anaweza kufanya nini na maneno yako? Shairi kuhusu ufuo mtupu, likisomwa na mpenzi wako, halimfukuzi mtu. Sentensi ile ile ikisomwa na mwenye tingatinga ni kitu kingine kabisa. Burton alijua anawaandikia kina nani: jumuiya iliyomlipa, wakubwa wa serikali, wenye makampuni. Krapf alijua kidogo. Mimi nilijua kila kitu, mpaka bei ya ploti. Kadiri msomaji wako anavyoweza kuchukua, ndivyo unavyodaiwa kuuliza lile swali la pili kabla hujaandika. Na ukiwa una jibu tayari, unadaiwa kuliandika.

Najua kuna pingamizi kali zaidi ya hilo la Krapf, na linatoka nyumbani. Ni rahisi kwangu kuilaani mistari nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha chai hapo stejini. Muulize mtu aliyeishi ploti moja miaka 40 bila karatasi anataka nini. Anataka mpima aje. Anataka bikoni nne na hatimiliki yenye muhuri. Katiba ya 2010 imetuletea Tume ya Taifa ya Ardhi na maneno mazuri kuhusu dhuluma za kihistoria, na watu wamepanga foleni na faili zao. Wanadai mstari, ila huu uwapitie nje, uwazunguke, uwalinde.

Ni haki yao, na sina jibu la kushindana nao. Zamani hapa pwani tuliweza kuishi na mambo ambayo mstari hauyawezi: ardhi ya huyu, minazi ya yule, na njia ya kwenda baharini ya kila mtu. Mpaka ulikuwa mkorosho pamoja na majirani wawili waliokumbuka nani aliupanda. Lakini majirani hufa, na mkorosho haukubaliki mahakamani. Mtu anayetaka karatasi leo hajasaliti mila. Amejifunza tu kwamba wasiokuwemo kwenye ramani ndio wanaohamishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba mstari uliochorwa baada ya kuuliza pana nani na mstari uliochorwa kutoka kwenye meli, au kwenye droni, vinaweza kufanana kabisa kwenye karatasi. Tofauti yake utaiona asubuhi tingatinga likija.

Nilimwandikia dalali nikamwomba abadilishe tangazo. Alisema mambo ya mzee yanashughulikiwa, na akaniuliza kama ninataka kurudisha pesa. Sikuwa nazo. Tangazo likabaki.

Basi nikaenda kwa mzee mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, baada ya alasiri, amekaa nje anasuka makuti. Nikamwamkia, akanitambua kwa babu yangu. Nikamweleza nilichofanya, maneno yakinikwama kooni, nikimaliza nianze tena. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Alisema, "Nisomee, mjukuu wangu."

Nikamsomea kwenye simu, yote maneno 120. Nilipofika kwenye tupu sauti ilinipotea kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Hapo kwa bahari umekosea," akasema. "Si dakika tano. Ile njia ya zamani imefungwa ukuta miaka mitatu sasa. Ni kuzunguka kule juu, robo saa, na ukiwa mzee kama mimi, nusu."

Nikaandika. Hata hapo nilitoa simu nikaandika, kama walivyokuwa wakifanya wote: mzee anaeleza, mgeni anaandika. Kisha akaniuliza kama wale wanaonunua wameambiwa kuhusu makaburi. Nikasema hapana. Akasema basi niandike na hayo, na majina yao, akanitajia majina matatu, polepole, akinisubiri nimalize moja kabla ya kutaja jingine.

Hayo sitayaweka hapa. Si yangu kuyatoa. Lakini nimeyapeleka kwa barua, pamoja na maelezo ya minazi na mkorosho, kwenye ofisi inayohusika, nikaandika mwenye shamba yupo na anaishi hapo. Sijajibiwa bado. Jumapili ijayo nimeahidi kwenda tena. Anasema kuna mti wa mpaka upande wa kusini ambao sikuutaja.